BAM na mfamasia aliye nyuma yake: tathmini ya huduma ya kuchanganya dawa za wanyamapori

Mililita 2 za BAM, mchanganyiko wa dawa tatu za kulaza wanyamapori, zinatosha kumlaza kulungu mzima wa Amerika, yule mwenye mkia mweupe. Ndani yake mna miligramu 54.6 za butorfanoli (dawa ya jamii ya afyuni), 18.2 za azaperoni (ya kutuliza) na 21.8 za medetomidini (ya kusinzisha). Sasa jaribu kukusanya kiasi hicho hicho kutoka kwenye chupa za kawaida za daktari wa mifugo. Butorfanoli ya farasi ina miligramu 10 kwa kila mililita, azaperoni ya nguruwe ina 40, na medetomidini ya mbwa ina 1 tu. Utavuta mililita 5.5 za ya kwanza, karibu nusu mililita ya ya pili, kisha mililita 21.8 za ya tatu. Jumla inakaribia mililita 28. Mshale wa sindano wa kubeba mzigo huo hauruki sawasawa, na ukifika utamvunja mnyama mbavu kabla dawa haijaanza kazi. Pengo hilo kati ya 28 na 2 ndilo linalozibwa na mfamasia, na ndilo tunalolipima hapa: dawa yenyewe, na huduma ya famasia inayoichanganya.

BAM hutolewa kama seti ya vichupa vitatu. Cha kwanza ni mchanganyiko wenyewe: butorfanoli miligramu 27.3, azaperoni 9.1 na medetomidini 10.9 kwa kila mililita. Cha pili ni atipamezoli ya miligramu 25 kwa mililita, inayoiondoa medetomidini. Cha tatu ni naltreksoni ya miligramu 50 kwa mililita, inayoiondoa butorfanoli. Azaperoni haina dawa ya kuiondoa, na hilo lisikusumbue: kiasi chake ni kidogo, na utulivu unaobaki baada ya mnyama kusimama humfanya aondoke akitembea badala ya kukurupuka na kujigonga kwenye miti.

Uzuri wa kwanza wa seti hii ni hesabu yake nyepesi. Kwa kila mililita 1 ya BAM iliyoingia mwilini, unadunga mililita 2 za atipamezoli, na kiasi kidogo cha naltreksoni, mara nyingi nusu mililita. Hesabu hiyo haikuangukia hapo kwa bahati. Miligramu 50 za atipamezoli dhidi ya 10.9 za medetomidini ni uwiano wa takriban 4.6 kwa 1, ndani ya kiwango cha 3 hadi 5 kinachotumika kwa wanyama wanaocheua. Aliyepanga nguvu za vichupa alihakikisha kwamba mtu mwenye vidole vilivyoganda kwa baridi, gizani, atazidisha kwa mbili na kumaliza. Ukitumia atipamezoli ya mbwa yenye miligramu 5 kwa mililita, kulungu wetu wa mililita 2 za BAM atahitaji mililita 20 za kudungwa msulini, sehemu nne au tano tofauti. Dunga msulini, si kwenye mshipa. Kwenye mshipa, medetomidini huondoka ghafla, mishipa hulegea kwa pamoja na shinikizo la damu linaweza kuporomoka.

Kwa kulungu na dubu weusi, BAM inafanya kazi kwa kuaminika. Mnyama huanza kulegea ndani ya dakika chache na hulala mara nyingi kabla ya dakika 10 au 15 kupita, kwa sharti moja: asisumbuliwe. Hapa ndipo watumiaji wengi huilaumu famasia bure. Mnyama aliyekimbizwa na gari au helikopta ana adrenalini nyingi mwilini, na medetomidini haishindani nayo vizuri. Atayumba, ataanguka, kisha atainuka mara tu utakapomshika mguu. Kuongeza dozi ya pili mapema hakusaidii sana. Kunampa mnyama usingizi mzito nusu saa baadaye, wakati wewe ulishamaliza kazi. Rusha mshale, kaa kimya, tazama kwa darubini, na umwendee baada ya kichwa kuwa chini kwa muda.

Udhaifu wake mkubwa ni pumzi. Wanyama wengi waliolazwa kwa BAM hupungukiwa oksijeni, na moyo hupiga polepole kwa sababu ya medetomidini. Kipimo cha oksijeni kinachobanwa ulimini kikishuka chini ya asilimia 90, weka mrija wa oksijeni puani. Mtungi mdogo wa kubebwa mgongoni si anasa. Anayecheua alazwe kifudifudi, kichwa juu kuliko tumbo, pua ikielekea chini, ili gesi ya tumboni itoke na matapishi yasiingie mapafuni. Joto la mwili lipimwe kila dakika 5. Likipita nyuzi 40 anza kumpoza. Likifika 41, acha kila kitu, mwamshe. Famasia haiwezi kukufanyia haya, lakini famasia nzuri huyaandika kwenye karatasi inayokuja na seti, na mbaya hukutumia vichupa ndani ya boksi bila hata jedwali la dozi.

Kwa tembo na vifaru, usipoteze muda na BAM. Huko ni etorfini, dawa yenye nguvu maelfu ya mara kuliko mofini na yenye masharti yake mazito, kwa kawaida pamoja na azaperoni. Mfamasia anayekubali kukuuzia BAM kwa kazi ya kifaru bila kuuliza swali hajui kazi yake.

Mshindani wake wa karibu ni NalMed-A: nalbufini miligramu 40, medetomidini 10 na azaperoni 10 kwa mililita. Tofauti kubwa iko kwenye makaratasi. Butorfanoli ni dawa inayodhibitiwa Marekani, kundi la nne la sheria ya dawa za kulevya, wakati nalbufini haimo kwenye orodha hiyo. Kwa kikosi kinachofanya kazi mbali na ofisi, kikiwa na maofisa wengi wanaopokezana zamu, hilo linapunguza sanduku la chuma, daftari na ukaguzi. Kwa upande wa mnyama, upungufu wa oksijeni uko kote kuwili, kwa hiyo usichague NalMed-A ukidhani umekwepa mtungi.

Tuje kwenye huduma yenyewe, maana dawa hizi hazichaguliwi kwenye rafu. Ubora wa kichupa ni ubora wa chumba kilimochanganyiwa na mtu aliyekichanganya. Anza na lebo. Lebo inayofaa inaonyesha kila dawa kwa jina kamili, nguvu yake kwa miligramu katika mililita moja, ujazo wa kichupa, namba ya toleo, tarehe ya kuchanganywa, tarehe ya mwisho wa matumizi, namna ya kuhifadhi, na jina la famasia. Ikiandikwa «medetomidini 109 mg» bila kusema ni kwa kichupa kizima cha mililita 10 au kwa mililita moja, irudishe. Kosa hilo ni la mara kumi, na halisameheki. Medetomidini ya kuchanganywa huagizwa kwa nguvu tofauti, zikiwemo 10, 20 na 40 kwa mililita. Famasia makini hutofautisha kwa rangi ya kifuniko au utepe, na huandika namba ya nguvu kwa herufi kubwa kuliko jina la biashara.

Tarehe ya mwisho wa matumizi ndiyo inayofichua mengi. Kanuni za USP, shirika la viwango vya dawa la Marekani, kuhusu dawa tasa, sura ya 797, ziliandikwa upya na kuanza kutumika rasmi Novemba 2023. Dawa iliyochanganywa kutoka kwenye unga ghafi usio tasa, ikachujwa na kujazwa bila kufanyiwa kipimo cha vijidudu, hupewa siku 1 kwenye joto la chumba, siku 4 kwenye jokofu, au siku 45 ikigandishwa. Toleo hilo hilo likipita kipimo cha vijidudu, hupanda hadi siku 30, 45 na 60. Kuna daraja la juu zaidi lenye masharti makali ya chumba na vipimo, lenye siku nyingi zaidi, lakini hata huko juu kabisa ukomo ni siku 180 na ni kwa dawa iliyouliwa vijidudu ikiwa ndani ya kichupa chake na kugandishwa. Kwa hiyo ukipokea kichupa kilichotoka kwenye famasia ya kuchanganya kikiwa na tarehe ya mwaka mzima mbele, omba maelezo kwa maandishi. Swali la kuuliza ni fupi: tarehe hii imetokana na kipimo cha uthabiti, au na kipimo cha nguvu tu? Kipimo cha nguvu kinasema dawa ilikuwa na miligramu ngapi siku ilipotoka. Kipimo cha uthabiti kinasema itakuwa na ngapi baada ya miezi, na kama imevunjika kuwa kitu kingine. Famasia nyingi huonyesha cha kwanza kana kwamba ni cha pili.

Omba pia matokeo ya endotoksini. Uchafu wa bakteria waliokufa hauonekani, haukui kwenye sahani ya maabara, na mnyama atakayeupata atapanda joto saa chache baada ya kuachiwa, mahali ambapo hakuna atakayemwona.

Kichupa kikifika, kitazame kabla ya kukiweka sandukuni. Kigeuze polepole mbele ya karatasi nyeupe kutafuta vumbi jeusi na nyuzi, kisha mbele ya karatasi nyeusi kutafuta chembe nyeupe. Usikitikise, mapovu huficha chembe. Rudia baada ya safari ya baridi kali, kwa sababu mchanganyiko uliokolea namna hii uko karibu na ukomo wa kuyeyuka, na dawa inaweza kujitenga na kutulia chini kama fuwele. Ikijitenga, usivute sehemu ya juu iliyo safi ukajifariji: utakuwa unarusha mshale wenye dozi isiyojulikana, na unaobaki chini ni wenye nguvu kuliko lebo. Piga simu famasia. Jibu la «ipashe joto mkononi tu» linakubalika iwapo wana data ya kuonyesha kwamba toleo hilo hurudi katika hali yake.

Mshale nao hula dawa. Baki ndogo hukaa kwenye shingo ya sindano na nyuma ya pistoni ya mpira, na kwenye mshale wa mililita 1 sehemu ya kumi ya mililita ni asilimia 10 ya dozi. Mfamasia aliyewahi kushika mshale atakuuliza unatumia aina gani, ujazo gani, sindano ya urefu gani, ndipo akushauri nguvu ya mchanganyiko. Asiyeuliza anauza vichupa tu. Baridi ikiwa chini ya sifuri, wengine huongeza propilini glikoli ili mshale usigande. Ni sawa, ila hesabu lazima irudiwe, maana kila sehemu ya kumi ya mililita ya glikoli ni nafasi iliyochukuliwa na kitu kisicholaza.

Daftari la dawa zinazodhibitiwa ndilo sehemu inayochosha, na ndiyo inayofunga vikosi vingi. Huduma nzuri hukupa karatasi iliyopangwa kwa kichupa, si kwa siku: namba ya toleo juu, kisha kila mstari na kiasi kilichovutwa hadi sehemu ya kumi ya mililita, mnyama, aliyevuta, aliyeshuhudia, na salio. Mshale uliokosa una mstari wake. Ukipatikana, dawa humwagwa mbele ya shahidi na kuandikwa. Usipopatikana, huandikwa mahali ulipoangukia kwa kadiri inavyojulikana, na eneo hutafutwa hadi giza liingie. Mililita 2 za BAM kwenye nyasi za njia wapitapo watu ni hatari kwa mtoto atakayeuokota mshale ule unaong'aa.

Hilo latupeleka kwenye usalama wa binadamu, sehemu ambayo mfamasia anapaswa kuongoza na mara nyingi hunyamaza. Naltreksoni iliyo kwenye seti ni ya mnyama. Ya binadamu ni naloksoni, na lazima iwe kwenye begi la huduma ya kwanza kabla mshale wa kwanza haujajazwa. Lakini naloksoni inaigusa butorfanoli tu. Medetomidini haisikii, na atipamezoli haijaidhinishwa kwa watu. Mtu aliyejichoma atasinzia, mapigo yake yatashuka, na kinachomwokoa ni njia ya hewa iliyo wazi, pumzi, na gari la kwenda hospitali. Kwa hiyo famasia inayostahili sifa huweka kwenye boksi ukurasa mmoja wa kumpa daktari wa dharura: majina matatu ya dawa, miligramu katika kila mililita, nini kinaondolewa na naloksoni na nini hakiondolewi. Daktari wa hospitali ya watu hana sababu ya kujua herufi BAM zinasimamia nini. Glavu na miwani ni lazima wakati wa kujaza, na mshale wenye hewa ya kusukuma huelekezwa chini, mbali na uso, kwa sababu mkono wa silikoni unaoziba tundu la sindano huteleza.

Nyama ina sheria zake. Kulungu na dubu huwindwa, na aliyelazwa wiki iliyopita anaweza kuwa mezani wiki ijayo. Marekani kuna FARAD, hazina ya takwimu za mabaki ya dawa kwa wanyama wa kuliwa, ambako daktari au mfamasia huuliza muda wa kusubiri na kupata jibu lenye hesabu. Mnyama huvishwa kipini cha sikio chenye onyo na namba ya simu. Famasia inayosema «siku 30 zinatosha kwa dawa zote» inakisia.

Nje ya mishale, huduma hupanda na kushuka. Inaposhuka vibaya ni kwenye itrakonazoli, dawa ya kuua kuvu. Ndege wa bahari, hasa pengwini, hupata ukungu wa aspajilosi mapafuni, na matibabu huchukua wiki nyingi. Ni rahisi famasia kutengeneza uji wa itrakonazoli kutoka kwenye unga ghafi, wenye ladha ya samaki na wa kupimika kwa sirinji. Tatizo ni kwamba itrakonazoli haiyeyuki majini, na uji huo hufyonzwa vibaya mno. Kwa pengwini imewahi kupimwa na dawa haikuonekana kwenye damu. Mnyama anameza kila siku na hatibiwi. Mfamasia mwaminifu hukataa agizo hilo na kukuelekeza kwenye kimiminika cha kiwandani chenye siklodekstrini, kitu kinachoisaidia kuyeyuka, miligramu 10 kwa mililita. Ukataaji wa namna hiyo tunauhesabu kuwa huduma bora kuliko uji wenye ladha.

Kimiminika hicho hicho ndicho hutumika kuogeshea vyura wenye kuvu ya ngozi. Mililita 1 katika mililita 100 za maji ya chumvi yanayowafaa amfibia inatoa asilimia 0.01, dakika 5 kwa siku, siku 11. Mapishi haya ni ya vyura wazima. Kwa viluwiluwi dozi hushushwa, na hata ikishushwa ngozi inaweza kupoteza rangi.

Kuna maagizo ambayo mfamasia anapaswa kuyasimamisha mlangoni. Ivermektini, dawa ya minyoo, kwa kobe au kasa: inaua, hata kwa dozi ambazo mbuzi hazimdhuru. Fenbendazoli, nayo ya minyoo, kwa njiwa, korongo na tumbusi (tai mzoga): huharibu uboho, ndege huonekana wamepona minyoo kisha hufa kwa kukosa chembe nyeupe za damu. Diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ng'ombe yeyote anayeweza kufia mahali tumbusi wanakula. Mwaka 2006 India, Pakistani na Nepali zilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo baada ya tumbusi kuangamia kwa figo kushindwa kazi, lakini chupa za binadamu za mililita 30 ziliendelea kuingia zizini hadi India ilipozipunguza ujazo hadi mililita 3 mwaka 2015. Meloksikamu ndiyo mbadala ulio salama kwao. Aseklofenaki si mbadala, maana mwilini mwa ng'ombe hugeuka kuwa diklofenaki. Ketoprofeni nayo huua tumbusi. Programu ya kompyuta ya famasia ya kawaida haitawasha taa nyekundu kwa lolote kati ya haya, kwa kuwa imejazwa watu, mbwa na paka. Kinachowasha taa ni kichwa cha mfamasia.

Ukiagiza BAM, tuma spishi, uzito wa chini na wa juu unaoutarajia, idadi ya wanyama, aina na ujazo wa mshale, joto la mahali pa kazi, na kama mnyama anaweza kuliwa. Agiza atipamezoli ya kutosha dozi zote pamoja na za ziada, kwa sababu ikikosekana hutapata mbadala porini. Na omba vichupa vidogo vingi badala ya kikubwa kimoja: sindano ikishatoboa mpira, kichupa cha kuvutwa mara nyingi kina siku 28 kisha kinatupwa, hata kama kimebaki nusu, na hata kama tarehe kwenye lebo bado iko mbali.